Namna ya kumfundisha mwanafunzi kujibu swali la "Eleza"

Chagua swali moja mbaki nalo kipindi kizima. Hapa tunatumia hili: "Eleza sababu tatu za Vita vya Maji Maji."

Hatua ya 1: Kuchambua swali. Wanafunzi wapigie mstari neno la amri (Eleza), kisha idadi (tatu), kisha kinachotakiwa (sababu). "Taja" hutosheka na hoja peke yake. "Eleza" inadai pia namna hoja hiyo ilivyoleta vita. Alama nyingi hupotea hapa: mwanafunzi akiona "Maji Maji" tu, humwaga kila alichokariri, matokeo yakiwemo.

Hatua ya 2: Kupanga hoja kwenye karatasi ya rafu, maneno yasiyozidi matano kila moja: kilimo cha pamba kwa shuruti, kodi, ukatili wa maakida (wasimamizi waliowekwa na serikali ya Kijerumani). Zinazojirudia zifutwe. "Mateso" na "ukatili" ni hoja moja, na msahihishaji ataihesabu mara moja.

Hatua ya 3: Kujenga aya. Hapa ndipo pa kutumia muda mwingi. Andika ubaoni jibu dhaifu:

"Wajerumani waliwalazimisha watu kulima pamba."

Uliza darasa, "Kwa hiyo?" Wakijibu, uliza tena, mpaka wafike vitani wenyewe. Mwisho mpate aya ya namna hii:

"Sababu mojawapo ni kilimo cha pamba kwa shuruti. Watu wa kusini walilazimishwa kufanya kazi kwenye mashamba ya pamba kwa ujira mdogo mno, huku mashamba yao ya chakula yakikosa wa kuyahudumia. Hasira hiyo iliwafanya Wamatumbi waanze uasi mwaka 1905 kwa kung'oa pamba."

Sentensi ya kwanza ni hoja, ya pili maelezo, ya tatu ushahidi unaorudi kwenye swali. Ya tatu ndiyo hukosekana mara nyingi, kwa sababu mwanafunzi anadhani mwalimu anajua tayari. Mwambie amwandikie mtu asiyewahi kusikia habari za vita hivyo.

Hatua ya 4: Kugawa muda. Katika mtihani wa saa 3 wenye alama 100, swali la alama 15 lina dakika 27. Tano ziwe za kupanga.

Hatua ya 5: Kusahihisha. Usijaze daftari wino mwekundu. Pale mnyororo wa hoja, maelezo na ushahidi ulipokatika andika pembeni "Kwa hiyo?", umrudishie mwanafunzi aandike upya aya hiyo tu, kabla ya kipindi kinachofuata.