Picha za vichochoroni mji wa kale: shika mwanga kwanza, mtu atakuja

Wengi tukifika mji wa kale tunaanza kuwinda watu na milango, tunapiga kila kitu, tukirudi kufungua picha unakuta zimepauka zote, ukuta mweupe umeungua na sura ya mtu haionekani. Mi nimepiga hivyo miaka kadhaa. Kilichonisaidia ni kugeuza utaratibu, yaani natafuta kwanza mwanga ulipoangukia, halafu nasubiri mtu auingie.

Hatua ya 1: zunguka bila kupiga
Nusu saa tu, kamera iko begani. Angalia jua linaingilia wapi na linatua kwenye nini. Kichochoro kilicholala kaskazini-kusini kinapata jua chini kabisa saa sita mchana, na hapo ndo nawashangaa wanaosema mchana usipige, manake kwenye njia nyembamba yenye kuta ndefu hiyo ndo nafasi pekee mwanga unafika sakafuni. Njia ya mashariki-magharibi isubirie asubuhi au jioni, jua la chini linaweza kuipita urefu wake wote. Na usichelewe, jua linasogea kama digrii 15 kwa saa, ule ukanda wa mwanga uliouona chini ukienda kunywa maji ukarudi unakuta umeshapanda ukutani.

Hatua ya 2: pima mwanga kwenye jua, sio kwenye kivuli
Hapa ndo penye kazi. Kamera ikiona giza jingi kwenye fremu inadhani picha nzima ni giza, inaongeza mwanga, basi sehemu ya jua inaungua na hairudi tena hata ukae na kompyuta usiku kucha. Kivuli cha kawaida kina mwanga pungufu kama mara 8 kuliko jua kali, na vichochoroni kinazidi hapo, kwa hiyo huwezi kupata vyote viwili, chagua jua. Kwa jua kali anzia ISO 200 (wepesi wa kamera kunasa mwanga), f/8 (uwazi wa lenzi), shata 1/800 ya sekunde, kisha tazama histogramu, ile grafu ya mwanga kwenye skrini, kama imegonga ukingo wa kulia, maana yake jua limeungua. Ukiwa na lenzi ya 28mm kwenye fulfremu (kamera yenye sensa ya saizi ya filamu ya 35mm), weka fokasi mita 3.3 na uiache hapo, kwa f/8 kila kitu kuanzia kama mita 1.7 hadi mbali kabisa kitakuwa kikali, hupotezi muda kufokasi mtu akipita. Wa simu, gusa pale penye jua, shikilia mpaka ijifunge, halafu shusha kile kialama cha jua kidogo.

Angalizo moja, ngozi nyeusi mbele ya ukuta mweupe usiishushe sana, sura ya mtu ni muhimu kuliko chokaa.

Hatua ya 3: simama usubiri
Siku moja nilikaa kwenye kona karibu saa nzima, ukanda wa jua ulikuwa na upana wa mlango tu. Wakapita watu kibao, wote wanatazama chini. Akaja mzee anakokota baiskeli, alipofika pale jua likamchoma, akainua mkono kujikinga na kivuli cha vidole vyake kikamwangukia shavuni, mistari minne, nyuma yake giza tupu. Nilipiga moja tu. Bonyeza mguu wa mbele ukiwa ndo unaingia kwenye mwanga, ukisubiri afike katikati unakuta ameshapita.

Hatua ya 4: ongea na watu
Pale ni nyumbani kwao, salimia kwanza. Nikimpiga mtu sura inaonekana namuonyesha, akisema futa nafuta mbele yake. Watoto bila mzazi kukubali siwapigi.

Hatua ya 5: kwenye kuediti acha weusi
Piga RAW, yaani faili ghafi ambalo kamera haijalichakata, kama kamera inayo. Kishawishi kikubwa ni kuvuta vivuli juu ili kila tofali lionekane, ukivuta sana chengachenga zinajaa na ile picha inarudi kuwa bapa. Mi nashusha weusi kidogo hata zaidi, nagusa mwanga wa uso tu, halafu naitazama ikiwa ndogo kama stempu. Kama mtu bado anaonekana wazi kwenye ule mwanga, naisevu hivyo hivyo.