Ada si gharama yote: hesabu ya chuo niliyoipiga na mpwa wangu

Mpwa wangu alikuja na barua ya udahili, kidole kimekaa kwenye mstari wa ada. "Mjomba, hii tunaiweza." Nikamwambia alete daftari na kalamu, maana mstari kama huo uliwahi kuniponza. Mwaka wangu wa kwanza niliripoti chuoni nimeshalipa ada yote, na wiki ya tatu nikawa nalala kwenye godoro lisilo na shuka, mfukoni imebaki nauli ya kurudi nyumbani.

Kwanza isome barua hadi kurasa za nyuma. Huko ndiko kuna usajili, kitambulisho, bima ya afya, mitihani, umoja wa wanafunzi na amana ya vifaa. Kila kimoja kipe mstari wake, kisha uandike pembeni: mara moja, kila muhula au kila mwaka. Mpwa wangu alikuwa ameiandika ada ya mitihani mara moja tu, na kozi yake ina mihula minane.

Halafu usizidishe ada ya mwaka wa kwanza kwa nne ukaridhika. Uliza kama ada hupanda. Ikipanda kwa asilimia 5 kila mwaka, ada ya 100 inakuwa 105, kisha 110 na ushee, kisha karibu 116. Jumla ni 431, siyo 400. Na ukirudia mwaka, unaongeza mwaka wa tano wenye kila kitu ndani yake.

Kwenye gharama za maisha ndiko watu wengi huzama. Usikisie kwa mwezi, anza na wiki moja. Tafuta mwanafunzi wa mwaka wa pili wa kozi ileile. Wa mwaka wa kwanza bado hajaumwa vya kutosha. Sisi tulimpata binti mmoja akatuandikia matumizi yake ya siku saba: chakula, nauli, bando, sabuni, fotokopi. Fotokopi peke yake ilikaribia nauli! Zidisha kwa wiki utakazokuwa chuoni, lakini kodi ya chumba ihesabu kivyake, kwa kuwa mwenye nyumba hajui likizo. Ongeza vya kozi yako: koti la maabara, kompyuta, nauli na malazi ya mafunzo kwa vitendo.

Sasa toa ufadhili, ila kwa uangalifu. Barua nyingine huchanganya ruzuku na mkopo chini ya neno moja, "msaada". Ruzuku hairudishwi, kwa hiyo itoe kwenye jumla. Mkopo usiutoe, maana deni ni lako: 100 kwa riba ya asilimia 10 inayojumlishwa kila mwaka, bila kulipa chochote, ni 146 baada ya miaka minne. Uliza pia ufadhili unalipia nini hasa, na alama zikishuka unabaki au unakatwa.

Kuna na mshahara unaouacha kwa kwenda chuo badala ya kazini. Mpwa wangu alinuna nilipoutaja, akidai hela ambayo hajaipata si gharama. Wachumi wanaiita gharama ya fursa. Tukaiandika ukurasa wa pili, nje ya jumla, ili aione tu.

Mwisho chora kalenda: mwezi, kinachoingia, kinachotoka. Jumla inaweza kutosha kabisa na bado ukalala njaa, kwa sababu chumba kinadai mwezi wa kwanza na mkopo unaingia wa tatu. Kwake miezi miwili ilitoka hasi. Kesho yake asubuhi akapiga simu ofisi ya fedha ya chuo, akauliza kama wanapokea ada kwa awamu. Wanapokea, kwa awamu tatu, ila lazima uombe kwa maandishi kabla ya kusajiliwa. Kwenye barua hilo halikuwemo.