Namna ya Kuandaa Maonyesho ya Picha za Usiku, Hatua kwa Hatua

Picha ya usiku hupendeza kwenye skrini kwa sababu skrini yenyewe ni taa. Karatasi haina mwanga wake; hungoja mwanga wa chumba, na mwanga huo ukiwa hafifu au ukitoka upande usiofaa, kazi uliyoikesha ukisubiri ukungu utawanyike hugeuka kuwa ubao mweusi wenye vitone vichache vyeupe. Hayo niliyajua nikiwa nimekwisha kuchelewa. Katika maonyesho yangu ya kwanza nilimwona mgeni amesimama mbele ya picha yangu kubwa kuliko zote kwa muda wa kama dakika nzima, nikaanza kujipongeza kimoyomoyo, kumbe alikuwa akiitumia kama kioo cha kutengenezea kola ya shati lake. Hatua zilizo hapa chini ndizo ninazozifuata tangu siku hiyo, iwe ninapeleka kazi kwenye jumba la sanaa la karibu au ninafungua studio yangu kwa wageni.

Hatua ya 1: Chagua kundi la picha

Usianze kwa kujiuliza ni picha zipi zilizo nzuri. Jiulize ni zipi zinazoshughulika na jambo moja. Brassaï anakumbukwa kwa mitaa ya Paris aliyoipiga usiku miaka ya 1930, na Mmarekani O. Winston Link anakumbukwa kwa treni za mvuke za kampuni moja tu ya reli, Norfolk and Western, alizozipiga kati ya 1955 na 1960 kwa kuzimulika na balbu nyingi za flashi kwa mkupuo mmoja. Mratibu wa maonyesho akiona mwezi juu ya maji, njia za nyota na taa za barabara kuu katika fungu moja, ataona mtu anayejifunza kamera. Akiona vituo 12 vya mafuta vilivyopigwa saa nane za usiku, vyote vitupu, ataona mtu mwenye hoja.

Chapa nakala ndogo za sentimita 10 kwa 15, zitandaze sakafuni, na kwa siku kadhaa uwe ukiondoa moja moja. Kisha pima ukuta. Ukuta wa mita 5 unabeba picha tano zenye upana wa sentimita 60 zikiachana kwa sentimita 33 hivi, nami nisingeongeza ya sita hata kama mwenye ukumbi angenisihi, kwa sababu picha nyeusi zikibanana huonekana kama pazia moja.

Hatua ya 2: Hariri kwa ajili ya karatasi

Punguza mwangaza wa skrini hadi kati ya kandela (kipimo cha mwangaza) 80 na 120 kwa mita ya mraba. Kama huna kifaa cha kupimia, weka karatasi nyeupe kando ya skrini chini ya taa ya kawaida ya kutazamia picha, fungua ukurasa mtupu mweupe, kisha punguza mwangaza mpaka vyote viwili vilingane machoni. Wengi wetu tunahariri usiku, chumbani kukiwa giza na skrini ikiwaka kwa nguvu zake zote, na ndiyo maana picha zetu hutoka kwenye printa zikiwa zimezama gizani.

Baada ya hapo, itafute sakafu ya weusi wa printa na karatasi yako. Tengeneza mstari wa viboksi vyenye thamani za 0, 4, 8, 12, 16, 20 na 24 katika kipimo cha 0 (weusi kamili) hadi 255 (weupe kamili), uuchape, uuache ukauke vizuri, kisha utazame ni kiboksi kipi cha kwanza kinachojitenga na weusi kamili. Kwenye karatasi ninayoitumia zaidi, vyote vilivyo chini ya 12 huungana kuwa kitu kimoja. Kwa hiyo jambo lolote ninalotaka mtazamaji alione, kama vile ukingo wa paa, tawi la mti au mtu aliyekaa kivulini, nalinyanyua juu ya kiwango hicho, na yale nisiyoyahitaji nayaacha yazame. Usinyanyue giza lote kwa pamoja, kwani utapata jioni yenye mawingu wakati ulikwenda kupiga usiku.

Chenga, yaani vile vitone vidogo vidogo vinavyojitokeza kwenye picha zilizopigwa gizani, nisingezihangaikia sana. Chenga zinazokera skrini ikikuzwa hupungua sana kwenye karatasi, hasa isiyong'aa, na programu za kuzifuta mara nyingi huondoka pia na ngozi ya ukuta na majani ya miti. Kuhusu ukubwa, faili la pikseli 6000 kwa 4000 linatoa takriban sentimita 50 kwa 34 kwa kiwango cha nukta 300 kwa inchi. Kwa picha kubwa zaidi, ambayo mtu huitazama akiwa amerudi nyuma hatua mbili, nukta 200 zinatosha.

Hatua ya 3: Karatasi na kioo

Hapa ndipo maonyesho mengi ya picha za usiku yanapoharibikia. Weusi mzito kabisa wa wino kwenye karatasi nzuri isiyong'aa hurudisha takriban asilimia 2 ya mwanga unaoangukia, ilhali kioo cha kawaida cha fremu, kwa nyuso zake mbili, hurudisha kama asilimia 8. Maana yake ni kwamba ikiwa kuna dirisha au ukuta mweupe mkabala na picha, taswira yake katika kioo itakuwa angavu kuliko giza lote ulilolichapa. Picha ya mchana huvumilia jambo hilo. Ya usiku haivumilii.

Ziko njia tatu. Ya kwanza ni kioo maalumu kisichoakisi, ambacho hurudisha chini ya asilimia 1 lakini bei yake huweza kuzidi ya fremu yenyewe. Ya pili ni kubandika picha kwenye bamba la alumini na kuitundika bila kioo, jambo linalofaa sana ukumbini, ingawa uso wake hukwaruzika kwa urahisi na alama za vidole hazifutiki. Ya tatu, ambayo ndiyo yangu kwa maonyesho ya siku chache, ni karatasi ya pamba isiyong'aa ndani ya fremu yenye kina, bila kioo chochote. Karatasi ya kung'aa hutoa weusi mzito zaidi, lakini huo weusi utaufaidi pale tu mwanga unapodhibitiwa.

Kabla ya kuchapa picha nzima, chapa ukanda wenye upana wa sentimita 10 unaopita kwenye sehemu yenye giza zaidi na sehemu yenye mwanga zaidi. Uchukue ukanda huo hadi ukumbini, ubandike ukutani kwa utepe wa karatasi wenye gundi, uutazame saa ileile ambayo wageni watakuwepo. Mimi huchapa kanda tatu zenye mwangaza tofauti, na mara nyingi ile niliyoidhani imezidi mwanga ndiyo inayoshinda.

Hatua ya 4: Makubaliano na jumba la sanaa

Yaandikwe. Kamisheni mara nyingi huwa kati ya asilimia 30 na 50, na bei ipangwe kwa kuijua: kama gharama za picha ni 100 na unataka kubaki na 80 juu yake, kisha jumba linachukua asilimia 40, bei ni 180 gawanya kwa 0.6, yaani 300. Bei hiyohiyo uitumie pia studioni kwako, la sivyo jumba litaona unalihujumu. Uliza nani analipa picha ikiharibika, na taa za ukumbi zinaweza kugeuzwa au la. Ukiahidi nakala 15, andika kwa penseli 1/15, 2/15 na kuendelea, weka daftari lake, wala usichape ya 16 kwa ukubwa huo.

Hatua ya 5: Kutundika na kumulika

Kitovu cha kila picha kiwe sentimita 147 hivi kutoka sakafuni. Chukua fremu yenye kimo cha sentimita 60: nusu yake ni 30, ukijumlisha na 147 unapata 177. Vuta waya wa nyuma kwa kidole kama utakavyovutwa na msumari, upime kutoka kwenye waya hadi ukingo wa juu. Ikiwa ni sentimita 8, msumari unakaa 169. Tumia misumari miwili kwa kila fremu ili isipinde mtu akifunga mlango kwa nguvu, na mwisho weka pimamaji juu yake.

Taa zitoke juu kwa pembe ya takriban nyuzi 30 kutoka mstari wa wima, ili mng'ao wake uangukie sakafuni badala ya machoni. Mimi huchagua taa za kelvini 3000, yaani zenye mwanga wa manjano kidogo, na zenye kiwango cha kuonyesha rangi cha 90 au zaidi kati ya 100. Taa za dari zinazomulika chumba kizima zizimwe zote zinazoweza kuzimwa.

Hatua ya 6: Siku ya studio wazi

Studioni hakuna mratibu, na wageni wengi huja mchana wakitoka juani. Jicho huhitaji dakika 20 au zaidi kulizoea giza kikamilifu, na hakuna mgeni atakayekupa muda huo. Ziba madirisha, acha mlango wa kuingilia uwe na mwanga wa wastani, na picha ya kwanza iwe ile yenye mwanga mwingi kuliko zote. Zile zenye giza zito zikae mwisho wa njia. Bandika nyaya sakafuni, maana mtu anayetazama ukutani hatazami miguu yake.

Karibu kila mtu atauliza ulitumia kamera gani. Mjibu, kisha mwambie shata, yaani pazia la kamera linaloruhusu mwanga uingie, ilikaa wazi kwa sekunde ngapi na nini kilipita mbele ya lenzi katika muda huo; hapo ndipo hurudi kuitazama picha upya. Zile kanda za majaribio usizitupe. Zipange mezani, kwani wageni hupenda kuzishika na kuzilinganisha, na wasioweza kununua picha hununua ukanda.

Nawe uvae nguo nyeusi au za rangi iliyokolea. Nilifungua studio yangu kwa mara ya kwanza nikiwa nimevaa shati jeupe lililopigwa pasi vizuri, na kila niliposimama kumweleza mgeni jambo, shati hilo lilikuwa limetundikwa katikati ya kila fremu yenye kioo.