Kufunga sola kwenye nyumba kuukuu: anza na mbao, paneli zije mwisho

Nyumba yetu ya Tanga ni ya mwaka 1987, urithi wa mzee, na naikarabati kidogo kidogo kila hela ikipatikana. Kwa kuwa mimi mwenyewe ni fundi umeme, sola niliipangia siku mbili. Ilikula wiki tatu, kwa uzembe wangu: nilifunga reli za kushikia paneli kabla sijapanda darini. Huu ndio mpangilio ambao ningeufuata tangu mwanzo.

Hatua ya 1: Panda darini na bisibisi

Paneli moja ya wati 550 ina kilo 28 hivi. Sita ni kama kilo 170, bado reli. Chukua tochi, choma kila kenchi (fremu ya mbao inayobeba paa) kwa ncha ya bisibisi, hasa pale inapokalia ukuta, maana unyevu hujikusanya hapo. Yangu moja ilizama mpaka kwenye mpini, kama mhogo uliochemshwa. Kwa nje mbao inang'aa, ndani mchwa wamebakiza ganda tu. Reli ikabidi zishuke. Nikabadilisha kenchi mbili na papi tano (mbao za juu yake zinazopigiliwa bati) kwa mbao zilizotiwa dawa, na upande ule nikaezeka bati jipya la geji 28.

Bati lenye kutu usilifungie paneli. Paneli hupewa dhamana ya miaka 25. Bati likianza kuvuja baada ya mitatu, utamlipa fundi kuzishusha, kisha umlipe tena kuzipandisha.

Hatua ya 2: Hesabu kwa risiti za LUKU

Sisi tunatumia uniti (kilowati-saa) 150 kwa mwezi, yaani 5 kwa siku: friji, feni tatu, taa, televisheni na pampu ya maji. Paneli sita ni kilowati 3.3. Zidisha kwa saa nne na nusu za jua kali, toa robo inayoliwa na joto, vumbi na nyaya, unabaki na uniti 11 hivi. Zimezidi, ndiyo, masika yakishika utazitafuta. Betri ya lithiamu ya volti 51.2, amp-saa 100, hubeba uniti 5 na inatuvusha mpaka asubuhi.

Hatua ya 3: Tindua ukuta kabla ya skimu

Laza paipu za nyaya za sola na waya wa ethi (unaopeleka umeme uliovuja ardhini) mapema, mbali na paipu za umeme wa kawaida. Ukishapaka rangi ndipo ukumbuke, jiandae kununiwa nyumbani.

Hatua ya 4: Matundu

Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika. Kusini mwa ikweta paneli hutazama kaskazini. Paa langu lina mteremko wa digrii 15, nikalifuata lilivyo. Ukizilaza kabisa, mvua haziondoi vumbi wala kinyesi cha kunguru, na kunguru wa pwani mnawajua.

Mstari wa misumari ya zamani unakuonyesha papi ilipo. Toboa kwenye mgongo wa bati, si bondeni maji yanakopita, na uhakikishe skrubu imeingia kwenye mbao. Futa unga wote wa chuma uliotoka kwenye drili, usipofanya hivyo utakuachia madoa ya kutu. Paka silikoni, kaza mpaka raba ya skrubu ianze kutokeza pembeni, basi. Ukiendelea raba inapasuka.

Kabla paneli hazijapanda, mwaga ndoo kadhaa za maji huku kijana akiwa darini na tochi. Kwangu tundu la tatu kutoka kwenye kofia ya paa lilidondosha. Afadhali nililijua siku ile.

Bahari ikiwa karibu, nunua boliti na nati za stenlesi. Kati ya bati na paneli acha kama sentimita 10 hewa ipite, kwani paneli ikipata moto umeme wake hupungua.

Hatua ya 5: Nyaya na inveta

Paneli sita kwa mfululizo, kila moja volti 50 hivi, zinakupa karibu volti 300 za DC (umeme wa mkondo mmoja, tofauti na AC ya nyumbani), na maadamu jua linawaka hakuna swichi ya kuzizima huko juu. Cheche ya DC haikatiki kirahisi kama ya AC, kwa hiyo breka iwe imeandikwa DC na volti zake zitoshe. Kwa mteja mmoja nilikuta breka ya AC imeyeyuka na ukuta umeungua.

Pima kwa mita kabla ya kuchomeka kwenye inveta, mashine inayogeuza DC kuwa AC. Yangu ilisoma 296, chanya na hasi zikiwa mahali pake. Unganisha betri kwanza, kisha paneli, mwisho umeme wa TANESCO. Fremu na reli zote zifungwe ethi. Kama huna leseni ya ufundi umeme ya EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji, hatua hii mwachie mwenye nayo.

Vigae vya jikoni bado. Pampu nimeiwekea taima, inawaka saa tano asubuhi jua likiwa limekolea, na mama watoto kahamishia pasi mchana.