Kutoka kifukofuko hadi utando: jinsi ya kutoa fibroini ya hariri kwenye maabara ndogo

Mtu akikwambia ameshonwa nyuzi saba, mara nyingi hajui nyuzi hizo zimetengenezwa kwa nini. Ule uzi mweusi ambao daktari anafungia bomba la kifua lisichomoke, kwa kawaida ni hariri. Ni nyuzinyuzi zilizosukwa pamoja, zikatiwa rangi nyeusi zionekane kwenye damu, kisha zikapakwa nta au silikoni. Wapasuaji wanaupenda kwa sababu ni laini mkononi na fundo lake halitelezi. Theodor Kocher kule Bern na William Halsted kule Baltimore waliutetea zaidi ya miaka 100 iliyopita, wakati wenzao wengi walikuwa bado wanashonea uzi wa utumbo wa kondoo. Ubaya wake ni kwamba, kwa kuwa umesukwa, unanyonya majimaji pamoja na vijidudu kama utambi, ndiyo maana hautumiki kwenye kidonda chenye usaha.

Kwenye pakiti umeandikwa kuwa hauyeyuki mwilini. Kwa kweli ndani ya mwaka mmoja hivi unakuwa umeishiwa nguvu, na baada ya miaka kama 2 mara nyingi hata ukiutafuta huuoni. Mwili unaula polepole. Tabia hiyo ya kukaa muda mrefu halafu kuondoka bila fujo ndiyo iliyowavutia watafiti, wakiwemo wa maabara ya David Kaplan katika Chuo Kikuu cha Tufts, Marekani, wakaanza kuiyeyusha hariri na kuijenga upya: tando, sponji, jeli, hata skrubu za kuungia mfupa.

Mimi ni fundi wa maabara na kila mwaka nafanya na wanafunzi wa uhandisi tiba zoezi la kutoa fibroini, protini inayounda uzi wa hariri, na kuifanya utando. Ninayoandika hapa ni yale ninayowaambia, pamoja na mahali tulipoharibu. Jambo moja mapema: utando utakaopata ni wa kujifunzia na kupimia. Usimbandike mtu kidondani. Utando wa mgonjwa hutengenezwa kwenye chumba safi, hupimwa sumu za bakteria na hupitia majaribio ya usalama, na meza yetu haina hata kimoja kati ya hivyo.

Hatua ya 1: Vifukofuko

Tafuta vifukofuko vya nondo ambaye kiwavi wake hula majani ya mforosadi, Bombyx mori. Hapa Kenya kuna kituo cha utafiti wa hariri Thika, na icipe, kituo cha utafiti wa wadudu cha Kasarani, imewafunza wakulima ufugaji huu kwa miaka mingi, kwa hiyo kupata kilo moja si kazi. Kataa vile vyenye madoa ya kahawia. Humo ndani buu alioza. Usidanganyike pia na hariri ya porini, ya Anaphe kutoka Kakamega au ya Gonometa kutoka Mwingi. Ni hariri nzuri ya kufumia, lakini protini yake ni tofauti na haiyeyuki kwa njia hii. Niliwahi kuilazimisha siku nzima nikaishia na uji wenye nywele.

Kata kila kifukofuko kwa mkasi, umtoe buu na lile ganda lake la kahawia, kisha ukate hariri vipande vya ukubwa wa ukucha. Pima gramu 5, ambazo ni kama vifukofuko 15. Mabuu tunampa mlinzi wetu, anafuga kuku.

Hatua ya 2: Kuondoa gundi

Ukiuangalia uzi wa hariri kwa hadubini utaona ni nyuzi mbili zilizogandishwa pamoja. Nyuzi zenyewe ni fibroini, na gundi iliyozizunguka ni serisini. Serisini ni kama asilimia 25 hadi 30 ya uzito wote. Zamani nyuzi za kushonea ambazo hazikuondolewa gundi vizuri ziliwaletea baadhi ya wagonjwa mzio na uvimbe, na sehemu kubwa ya lawama iliiangukia serisini. Ukiwa mvivu hapa, hakuna hatua ya mbele itakayokuokoa.

Chemsha lita 2 za maji yaliyokenekwa. Yakitokota, tia gramu 4.24 za sodiamu kaboneti kidogokidogo, maana ukimwaga zote kwa mpigo maji yanaumuka. Kisha tia hariri. Weka saa: dakika 30 kamili, ukikoroga mara kwa mara kwa kijiti cha kioo ili vipande visishikamane.

Kuna atakayeuliza kama magadi ya sokoni, yale ya kulainishia maharage, hayafai. Kemikali ni ndugu moja, lakini magadi hayo yana chumvi nyingine na udongo, na huwezi kujua umetia kiasi gani hasa cha kaboneti. Nilipoyajaribu, hariri ilitoka na rangi ya chai. Tumia ya maabara.

Kwa nini dakika 30? Ukichemsha 10 tu, gundi kidogo inaweza kubaki. Ukichemsha saa nzima, gundi yote inaondoka lakini na fibroini yenyewe inaumia: minyororo yake mirefu inakatikakatika, utando unakuwa dhaifu na mwilini unaliwa upesi. Kuna kazi zinazotaka hivyo, kwa mfano kifuko cha dawa kinachotakiwa kuisha mapema. Anayetaka kiunzi cha kushikilia tishu miezi mingi hatakubali. Kwa hiyo andika muda wako kwenye daftari hata kama hujui utaufanyia nini. Ukiweza, chemsha gramu 5 nyingine kwa dakika 60, uzipeleke sambamba. Utaona faida yake mwishoni.

Itoe hariri, ikamue, ioshe kwa maji safi mara 3, kila mara dakika 20. Ukiwa huna maji ya maabara ya kutosha, kwa kuosha tu maji ya betri kutoka kituo cha mafuta yanasaidia. Soma chupa kwanza: kuna maji ya betri na kuna asidi ya betri, na zote zinakaa rafu moja.

Utajuaje gundi imeisha? Kwa mkono: hariri yenye gundi inateleza kama bamia, isiyo na gundi inakwaruza kidogo ukiisugua kati ya vidole. Kwa mizani: ikikauka, gramu 5 zinatakiwa zibaki kama 3.5. Ukiwa na rangi ya pikrokamini, tia uzi mmoja. Serisini inashika nyekundu, fibroini inabaki njano.

Hatua ya 3: Kukausha

Itawanye kwenye foili usiku kucha mahali pasipo vumbi. Asubuhi itaonekana kama pamba iliyochambuliwa. Pima, andika.

Hatua ya 4: Kuyeyusha

Maabara kubwa hutumia lithiamu bromidi. Inafanya kazi vizuri sana, na bei yake inakata hamu. Sisi tunatumia mchanganyiko wa kalsiamu kloridi, ethanoli na maji, kwa uwiano wa moli (yaani kwa kuhesabu molekuli, si uzito) 1 kwa 2 kwa 8. Kwa gramu 3.5 za hariri kavu unahitaji:

kalsiamu kloridi kavu gramu 22.2
ethanoli halisi gramu 18.4 (kama mililita 23)
maji yaliyokenekwa gramu 28.8

Anza na maji, tia chumvi polepole ukikoroga, maana chombo kitapata moto. Subiri kipoe ndipo utie ethanoli. Jiko la gesi lisiwepo karibu, tumia beseni la maji la umeme.

Sasa soma lebo ya ile chupa ya kalsiamu kloridi. Nyingi zinazouzwa zimeshabeba maji ndani ya fuwele, molekuli 2 za maji kwa kila moja ya chumvi. Kama ni hiyo, unapima gramu 29.4, na maji unayoongeza unayapunguza hadi 21.6. Mwaka wangu wa kwanza sikusoma. Nilipima 22.2 za ile yenye maji, hariri ikavimba, ikawa kama tambi zilizolala, na saa 6 baadaye ilikuwa bado ni tambi. Nilishawalaumu wafugaji kwamba wameniuzia hariri mbovu, mpaka mwanafunzi mmoja akanisomea lebo.

Tia hariri ndani, funika, weka nyuzijoto 70, na usizidishe kwa sababu ethanoli inachemka kwenye 78. Baada ya saa 3 au 4 utakuwa na kimiminika kizito cha rangi ya asali nyepesi, kisicho na nyuzi. Kukiwa na vipande viwili vitatu vilivyogoma, viache.

Hatua ya 5: Kuondoa chumvi

Hapa ndipo subira inapimwa. Mimina kimiminika ndani ya neli ya dialisisi, ule utando wenye matundu madogo mno. Chumvi na ethanoli zinapenya kwenda nje, fibroini inabaki ndani kwa kuwa ni kubwa. Ni kazi ileile ya mashine ya kusafishia damu ya wagonjwa wa figo. Tunatumia neli ya kilodaltoni 3.5, yaani molekuli nzito kuliko hapo hazipenyi.

Funga ncha moja, jaza theluthi mbili tu, bonyeza hewa itoke, funga ncha ya pili. Theluthi moja lazima ibaki tupu. Chumvi iliyo ndani inavuta maji kwa nguvu, na neli iliyojazwa pomoni inavimba kama soseji. Tuliwahi kujaza hadi juu tukaenda nyumbani. Asubuhi neli imepasuka na kazi ya siku 2 imo kwenye beseni.

Iweke kwenye bika la lita 5 lenye maji yaliyokenekwa. Badilisha maji baada ya saa 1, kisha baada ya saa 4, kisha jioni, kesho yake asubuhi na usiku, na keshokutwa asubuhi. Jumla mara 6 katika saa 48. Kabla ya kufungua, chukua maji kidogo ya nje yaliyokaa saa kadhaa, utonye nitreti ya fedha. Yakitia ukungu mweupe, kloridi bado ipo, endelea.

Kuanzia sasa mshike mtoto huyu taratibu. Fibroini iliyo kwenye maji ina tamaa ya kurudi kuwa uzi. Ukiitikisa, ukiipigisha povu, au ukiiacha kwenye joto, minyororo inajipanga na chupa nzima inaganda. Mwanafunzi mmoja aliitikisa kama dawa ya kikohozi. Baada ya wikendi tukakuta jeli nyeupe. Kuna wanaofanya hivyo makusudi, wanaitikisa kwa mawimbi ya sauti ili iwe jeli ya kuchoma kwa sindano. Sisi tulikuwa tunataka utando.

Hatua ya 6: Kusafisha na kupima

Zungusha kwenye sentrifuji, mizunguko 9,000 kwa dakika, dakika 20, kwa baridi, mara 2. Uchafu unakaa chini.

Kisha pima nguvu ya myeyuko: tia mililita 1 kwenye kisahani ulichokipima, kausha kwenye nyuzijoto 60, pima tena. Ukipata gramu 0.027 zaidi, myeyuko wako ni asilimia 2.7. Hifadhi kwenye friji, nyuzijoto 4, na uutumie ndani ya wiki chache.

Hatua ya 7: Kumwaga utando

Mimina mililita 10 kwenye sahani ya petri ya plastiki yenye upana wa sentimita 9, juu ya meza iliyonyooka. Hakikisha kwa pimamaji. Meza ikilala upande, utando unakuwa mnene huku, karatasi kule. Vipovu vitoboe kwa sindano. Acha wazi usiku kucha chini ya kifuniko cha karatasi.

Asubuhi chokoa ukingo kwa koleo ndogo. Utabanduka mzima, angavu kama kioo, unene wa kama mikromita 30, mwembamba kuliko unywele. Kila mwaka wanafunzi wanauinua dirishani wasome maandishi kupitia kwake, na uangavu huo ndio uliowapa watafiti wazo la kuujaribu kwenye konea, ule utando angavu wa mbele ya jicho. Tonya tone la maji juu yake, utoboke palepale.

Hatua ya 8: Kuufanya usiyeyuke

Fibroini imejaa glisini na alanini, asidi amino ndogo zinazobanana vizuri. Zikipata nafasi ya kusogea, minyororo inajilaza sambamba kama karatasi kwenye bunda, na maji hayapati pa kuingilia. Kuna njia 2. Uloweke utando kwenye ethanoli ya asilimia 70 kwa saa 1: ni haraka, lakini ukikauka unakuwa mkavu na unavunjika kama chipsi za dukani. Au uweke kwenye chombo kisichopitisha hewa chenye maji chini, utando ukiwa juu bila kuyagusa, uvute hewa kwa pampu, uache usiku kucha. Mvuke unaupanga polepole na unabaki laini, unakunjika. Mimi nachagua mvuke. Ethanoli naitumia kipindi kikikaribia kwisha na basi la chuo linapiga honi.

Hatua ya 9: Kuupima unavyolika

Kata vipande vya sentimita 1, vipime, uvitie kwenye vichupa vyenye maji ya chumvi ya dripu kwa nyuzijoto 37. Nusu ya vichupa tia protiazi, kimeng'enya kinachokata protini, nusu usitie, na maji yake ubadilishe kila baada ya siku 2. Kila wiki toa kipande, kikaushe, kipime. Kwenye chumvi pekee uzito hausogei sana. Kwenye protiazi kingo zinaanza kulika, na kama ulichemsha zile gramu 5 za dakika 60, weka vipande vyake pembeni: hivyo ndivyo hutangulia kutoboka.