Injini Imetoka Oveholi: Pandisha Oili Kwanza, Ndipo Upige Stata

Injini iliyofunguliwa mpaka krenki (shafti kuu inayozungushwa na pistoni) huwa kavu ndani. Dipstiki inaweza kuonyesha imejaa, lakini hiyo ni oili ya kwenye sampu, karai la chini ya injini. Njia za kwenye bloku zina hewa tupu. Ikiwaka hivyo, beringi husagana na krenki, na sekunde chache zinatosha kuzichuna.

Anza na pampu ya oili ukiwa bado unafunga. Ijaze oili au vaselini, maana pampu kavu huzungusha hewa tu, hainyonyi. Grisi ya magurudumu hapana: haiyeyuki upesi, huziba njia. Filta nayo ijaze.

Sasa, ili kusukuma oili kwenye njia hizo, tafuta bomba jipya la mkono la kupulizia dawa, la lita 5. Lile la shamba la zabibu liache hukohuko. Mabaki ya salfa ya kupulizia zabibu hula beringi zenye shaba. Tia lita 2 au 3 za oili ileile ya injini, na uzihesabu kwenye kiasi chote. Asubuhi za Julai Dodoma oili huwa nzito, kwa hiyo ianike juani kwanza.

Toa swichi ya oili (ile inayowasha taa ya oili kwenye dashibodi), funga nipo mahali pake, uiunganishe na mpira wa bomba. Toyota nyingi hutumia nyuzi za 1/8 BSPT (kipimo cha Uingereza), 28 kwa inchi. Nipo ya NPT (kipimo cha Marekani) ina 27: huingia mizunguko miwili ikakaza, fundi asiye na subira akiilazimisha anachuna nyuzi.

Toa hita plagi (diseli) au plagi (petroli), funika matundu kwa kitambaa kisichotoa nyuzi. Vumbi la kiangazi halisubiri. Pampu hadi presha ya bar 2 au 3, huku mwenzako akizungusha krenki kwa spana, robo mzunguko kila mara, mpaka itimie mizunguko miwili. Matundu ya krenki na kemshafti (shafti inayofungua vali) hukutana na njia kwa zamu, ukiiacha krenki imesimama mengine hayapati kitu. Tapeti kava (kifuniko cha juu ya injini) ikiwa wazi, subiri oili ichuruzike kila jono la kemshafti, yaani pale inapokalia, hadi la mwisho. Yenye turbo, mimina oili kwenye tundu lake la kuingizia.

Rudisha swichi. Chomoa waya wa solenoidi ya diseli (vali ya umeme inayoruhusu diseli kupita) ili injini isiwake, piga stata sekunde 10, pumzisha dakika moja. Taa ya oili haizimiki baada ya mara tatu? Acha stata. Mara nyingi ni oringi ya bomba la chujio la kwenye sampu linalovuta hewa, vali ya presha iliyokwama kwa chenga za chuma, au plagi ya njia ya oili iliyosahaulika.

Ikizimika, rudisha plagi na waya, washa. Taa ikibaki sekunde 5, zima. Isipobaki, kagua uvujaji, kisha zima, subiri dakika 10 na upime dipstiki upya.