Land Rover ya zamani yenye joto: ipe hewa njia ya kuingia na ya kutokea

Kaskazi ikishika, kuanzia Desemba hadi Machi, wenye Land Rover za zamani hapa Malindi huanza kutafuta feni. Mmoja anataka ya dashibodi, mwingine ya paa, wa tatu yuko tayari kufunga kiyoyozi kizima. Swali langu ni lile lile kwa wote: hewa ya gari lako inatokea wapi? Gari lisilo na pa kutolea hewa halipoi hata ulifunge feni tatu. Na gari ambalo vifuniko vyake vya mbele vinafunguka sawasawa, nyuma limezibwa na juu lina tundu la kutolea, halihitaji feni likiwa mwendoni.

Somo hili ni la Series II, IIA na III, yaani magari yaliyotoka kati ya 1958 na 1985. Chini ya kioo cha mbele yana vifuniko viwili virefu, kila kimoja na mkono wake, wavu wake na mpira wake. Ni mfumo mwepesi na mzuri mno, ndiyo maana Defender iliendelea nao hadi ulipoingia mtindo wa 2007. Hewa inaingia moja kwa moja usoni mwa dereva.

Tatizo liko nyuma. Mgongo wa Land Rover ni bapa, na gari likienda, hewa nyuma yake hupungua nguvu na kuanza kuvuta. Kinachovutwa ni vumbi na moshi wa ekzosi, na vyote huingia kwenye nyufa za mlango wa nyuma. Waliopita Sala Gate kuingia Tsavo East wanalijua vumbi lile jekundu. Wengi wakiliona hufunga vifuniko vya mbele, na hapo ndipo wanapolikaribisha. Vifuniko vikiwa wazi, hewa ya mbele hujaa ndani na kulisukuma vumbi lisiingie. Vifunge tu unapokuwa nyuma ya gari jingine.

Hatua ya 1: tazama hewa inakopita

Kata nyuzi za pamba za urefu wa kiganja. Zibandike kwenye vifuniko, madirisha ya kuteleza na ukingo wa mlango wa nyuma. Mmoja aendeshe, mwingine atazame. Uzi wa mlangoni ukilala kuelekea ndani, umeshapata mwizi. Wapo wanaotumia moshi wa udi; mimi sishauri, maana kwenye Land Rover fupi tangi la petroli liko chini ya kiti cha mbele.

Kisha paka chaki kwenye ukingo wa chuma unaokutana na mpira wa kifuniko. Funga, fungua. Mahali ambapo mpira haukuchukua chaki haugusi, na maji ya masika yatapita hapo.

Hatua ya 2: kufungua vifuniko

Usiwe na haraka hapa. Bodi ni aloi ya alumini, lakini ukuta unaotenganisha injini na abiria ni chuma. Metali mbili zikigusana penye unyevu wa bahari, alumini huliwa na kugeuka unga mweupe, nacho chuma kinashika kutu, na skrubu hung'ang'ania humo. Nyunyizia mafuta ya kulegeza kutu jioni, rudia asubuhi, ndipo ujaribu kwa bisibisi ya kugonga kwa nyundo. Kichwa cha skrubu kikianza kuliwa, acha kulazimisha. Toboa katikati kwa keekee nyembamba, kisha nene kidogo. Usikibanjue kifuniko kwa nondo. Kikipinda hata kidogo hakikai tena, na hakuna mpira utakaokisaidia.

Andika cha kushoto na cha kulia kabla ya kuviweka kando.

Hatua ya 3: kutu

Kutu hujificha chini ya mpira, na kwenye kona ambazo majani ya mwarobaini hukusanyika na kushika unyevu. Choma kwa ncha ya bisibisi. Ikizama, chuma kimekwisha. Fundi akate mpaka kwenye chuma kizima na kuchomelea kiraka. Kupaka puti juu ya kutu ni kumwachia kazi atakayekuja kulinunua. Kabla ya kuchomelea, toa nyaya za betri na za alteneta, na tangi liwe mbali.

Kama chuma bado ni kizima, piga brashi ya waya na msasa, halafu kioshe kwa maji matamu. Si ya kisima cha chumvi, na visima vya namna hiyo tunavyo vingi. Chumvi haiondoki kwa msasa. Ukiifunika kwa rangi itaendelea kula ndani kwa ndani. Kikikauka kabisa, weka praima ya zinki na mikono miwili ya rangi.

Hatua ya 4: mpira na wavu

Tumia mpira wa sponji usionyonya maji. Ujaribu: ubinye ndani ya ndoo, utoe, ukamue. Ukitoa maji haufai. Usichague mnene kwa kudhani utaziba zaidi, kwa kuwa mkono utashindwa kufunga na kifuniko kitapinda. Anza kubandika katikati ya upande wa chini, zunguka, miisho ikutane hapo hapo chini. Acha gundi ikauke usiku kucha, kisha rudia chaki.

Wavu uoshe, urudishe. Mikono ipake grisi.

Hatua ya 5: nyuma na sakafuni

Badilisha mpira wote wa mlango wa nyuma. Halafu ondoa mabati ya sakafu na kifuniko cha giaboksi, weka ukanda wa sponji kwenye kingo zake, kwa sababu joto kubwa miguuni hutoka hapo. Tazama pia hita: koki yake ikiwa imekwama wazi, maji moto ya injini yanapita ndani ya gari mchana kutwa.

Hatua ya 6: juu

Mwenye paa la safari ana bahati. Bati la juu hulipa kivuli la chini, hewa hupita katikati, na matundu yenye vifuniko hutoa joto la ndani. Yasafishe tu. Asiye nalo afungue kidogo madirisha ya kuteleza ya nyuma, na apake paa rangi nyeupe. Sipendi kutoboa paa zima la asili, ukilitoboa halirudi.

Hatua ya 7: feni, kama bado unaitaka

Ni ya foleni tu. Feni ya wati 60 kwenye volti 12 hula ampea 5, kwa hiyo fyuzi ya 7.5 inatosha. Angalia betri kwanza: magari mengi ya mwanzo wa miaka ya 1960 chanya ndiyo iliyofungwa kwenye bodi. Ukiunganisha kinyume, feni itazunguka kinyume au kuungua.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo fundi. Nimebadilisha mipira yote miwili lakini mvua ikinyesha miguu inalowa. Niko Watamu.*

Marahaba, mwanangu. Kioo cha mbele cha gari hilo hulala, kwa hiyo kuna mpira mwingine kati ya fremu yake na ukuta. Mara nyingi ndio huo. Mwagia maji kwa mpira wa bomba, anza chini kwenye vifuniko, panda polepole. Ukianza juu, maji yatashuka kila mahali na hutajua yalikoingilia.

*Naweza kuweka wavu wa mbu badala ya ule wa asili? Gari linalala Mokowe, na mbu wa huku mnawajua.*

Bwana, wavu wa mbu utakukatia hewa, na vumbi likishika humo itazidi kupungua. Acha wa asili, funga vifuniko usiku.

*Fundi, watoto wangu hukaa kwenye benchi za nyuma. Tukitoka Kilifi kwenda mbali wanalalamika vichwa. Ni joto?*

Dada, usiwapandishe tena nyuma mpaka ekzosi ikaguliwe. Monoksaidi ya kaboni haina rangi wala harufu, na kuumwa kichwa ndiyo dalili yake ya mwanzo. Kagua bomba lote tangu injini hadi mwisho, maungio yake, na kama ncha inatokeza nje ya bodi. Ziba mlango wa nyuma na matundu ya sakafu. Wala usiendeshe mlango huo ukiwa wazi ili wapate upepo. Utawaletea moshi zaidi.

*Skrubu za stenlesi zinafaa kurudishia?*

Zinafaa, lakini usizifunge tupu kwenye alumini. Weka washa ya plastiki na grisi kwenye meno, la sivyo mwakani utazitoboa tena.